Watu wa Kale na Volkano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara mazungumzo yanapofika kwenye volkano na watu walioishi kabla ya maandishi. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayozua ubishi. Jibu lililokwisha kutolewa sehemu moja halirudiwi kwingine. Utaelekezwa pa kulitazama.

## Mambo ya msingi

"Kabla ya historia" ni wakati gani hasa?

Ni wakati wote kabla ya watu wa mahali fulani kuanza kuandika, au kabla ya wageni kuanza kuandika habari zao. Kwa hiyo haukuisha siku moja duniani kote. Misri uliisha zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, lakini kwenye misitu ya Yukon, kaskazini mwa Kanada, uliendelea hadi karne chache tu nyuma. Hapa tunaanzia Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, miaka milioni 3.66 iliyopita, na kufika hadi vijiji vya Amerika ya Kati vilivyofukiwa kama miaka 1,400 iliyopita na jamii za Yukon za karne chache baadaye, ambazo hazikuacha maandishi yao wenyewe.

Jina lenyewe silipendi. Linamfanya msomaji adhani watu hao hawakuwa na historia. Walikuwa nayo, wakaihifadhi kwa masimulizi, kwa njia za miguu na kwa makaburi.

Volkano iliua kwa njia gani? Si ule moto unaotiririka?

Lava ndiyo inayopendwa na wapiga picha, lakini mara nyingi hutambaa polepole kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizima huiacha nyuma. Nyiragongo, kule Kivu, ni kati ya volkano chache ambazo lava yake ni nyepesi mno na hukimbia mteremkoni kama maji.

Kinachoua kwa haraka kuliko vyote ni wingu zito la gesi, majivu na mawe lenye joto la mamia ya nyuzi, linaloporomoka mlimani kwa mwendo ambao hakuna mnyama anayeukimbia. Dhidi ya wingu hilo watu wa kale hawakuwa na mbinu, na sisi hatuna. Anayepona ni aliyekwisha kuondoka.

Kisha kuna majivu, na hapa watu wengi wanakosea. Si majivu ya jikoni. Ni mawe na kioo vilivyosagika, hayayeyuki kwenye maji, na yakilowa huwa mazito kiasi cha kuangusha paa. Huingia machoni na mapafuni, hukwaruza meno ya wanyama wanaolisha, hujaza visima na mito. Miezi au hata miaka baada ya mlima kunyamaza, mvua huyabeba yakashuka bondeni kama tope zito linalozoa kila kitu. Kuhusu gesi, tazama swali la mazuku hapo chini.

Kama ni hatari hivyo, kwa nini watu waliishi karibu nazo?

Muulize mtu wa Rungwe, wa Arumeru au wa Machame kwa nini haondoki. Atakuonyesha migomba yake. Majivu yakipata muda wa kuoza na kuwa udongo, huzaa udongo mweusi, na milima mirefu hukamata mvua na kuitoa chini kama chemchemi. Watu wa Zama za Mawe walikuwa na sababu ya tatu: jiwe zuri la kutengenezea visu na mikuki (tazama swali la kioo cha volkano).

Tena tukumbuke hesabu ya muda. Mlima unaweza kulipuka vibaya mara moja tu katika vizazi ishirini, thelathini au mia. Mtu aliyezaliwa hapo, kama bibi yake na bibi wa bibi yake, akavuna kila mwaka bila shida, hakuwa mjinga kwa kubaki.

Tunajuaje haya yote kama hakuna aliyeandika?

Kwa sababu majivu huanguka mahali pengi kwa muda mfupi, kisha hubaki yakiwa safu ndani ya ardhi. Kilicho chini ya safu ni cha kabla ya mlipuko, kilicho juu yake ni cha baada. Mwanaakiolojia akilinganisha zana, mifupa, mbegu na chavua za pande zote mbili, anaona nini kilibadilika na nini kiliendelea kama kawaida.

Kila mlipuko una mchanganyiko wake wa kikemia, kwa hiyo hata chembe isiyoonekana kwa macho inaweza kutambuliwa imetoka mlima gani, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Fuwele zilizomo ndani ya majivu nazo zinapimika umri. Ndivyo Olduvai ilivyoushangaza ulimwengu. Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa wanadamu, tarehe 17 Julai 1959, na kufikia 1961 majivu ya volkano ya safu hiyo yalikuwa yamepimwa na kuonekana yana umri wa karibu miaka milioni 1.75, mkubwa kuliko walivyokuwa wakikadiria wengi.

## Afrika Mashariki

Nyayo za Laetoli ni za watu waliokuwa wakikimbia mlipuko?

Hapana. Swali hili huulizwa mno, labda kwa sababu ya picha za kuchora zinazoonyesha mlima unaowaka nyuma ya familia yenye hofu. Nyayo zenyewe zinasema jambo tofauti. Mstari mkuu una urefu wa kama mita 27, hatua ni fupi na za utulivu, mwendo wa kawaida wa kutembea. Majivu yalikuwa membamba na yalianguka kwa awamu, huku mvua nyepesi ikinyesha, na alama za matone zimebaki hadi leo. Kwa kuwa majivu hayo yalikuwa na chumvi za kaboneti, yalipolowa na kukauka yakaganda kama saruji. Twiga, tembo, sungura, kanga, wote walipita hapo na kuacha alama.

Waliotembea ni viumbe wa jamii ya Australopithecus afarensis, kwa hiyo kuwaita "watu" ni kuwapandisha daraja, na kusema walikuwa na mpango wa kukabili volkano ni kuwasemea. Hata hivyo, kila nikiitazama picha ya nyayo zile naona jambo kubwa: ushahidi wa kale kuliko wote wa viumbe wanaotembea kwa miguu miwili kama sisi wakiwa kwenye majivu yaliyotoka kuanguka unawaonyesha wakiendelea na safari yao.

Mwaka 2015 nyayo nyingine ziliibuliwa kama mita 150 kutoka zile za mwanzo. Nyayo za awali, zilizogunduliwa miaka ya 1970, zilifukiwa tena ili mvua na mizizi isiziharibu.

Olduvai nako kulikuwa na volkano?

Korongo lote limejengwa kwa tabaka za majivu na udongo wa ziwa. Sehemu iitwayo Ewass Oldupa, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021, ndiyo inayojibu swali letu moja kwa moja. Miaka milioni 2 iliyopita wingu la moto la volkano lilifunika eneo hilo. Mimea ya kwanza kurudi juu ya ardhi mbichi ilikuwa kangaga, ile mimea ya majani kama manyoya inayoota penye unyevu. Na kwenye mbuga hiyo ya kangaga wamekutwa tayari watengenezaji wa zana za mawe wa aina ya Oldowan.

Kwa muda wa miaka kama 200,000 mazingira pale yaligeuka kuwa msitu, mbuga iliyoungua, vichaka vya minazi-mwitu kando ya ziwa na nyika kavu. Zana zikawa zile zile. Nionavyo mimi hilo ndilo jibu la kwanza katika historia ya kuzoea volkano: kifaa rahisi kinachofanya kazi popote, kikibebwa na anayejua kukitengeneza kwa jiwe lolote analolikuta.

Nyayo za Engare Sero ni sawa na za Laetoli?

Zinachanganywa mara nyingi, lakini zinatenganishwa na zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Engare Sero iko kusini mwa Ziwa Natron, chini ya Oldoinyo Lengai, na walioacha nyayo ni watu kamili kama mimi na wewe. Kuna nyayo zaidi ya 400, zilizokanyagwa wakati fulani kati ya miaka 19,000 na 5,000 iliyopita. Hawakukanyaga majivu yaliyotoka kudondoka, bali tope la majivu ya Lengai lililoletwa na maji hadi kwenye tambarare, likakauka.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulitenga kundi la watu 17 waliokuwa wakielekea pamoja kusini-magharibi. Kwa vipimo vya miguu, 14 wanaonekana kuwa wanawake watu wazima, pamoja na wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Watafiti wanafananisha na wawindaji na wakusanyaji wa leo, ambao wanawake hutoka pamoja kuchimba mizizi na kuokota matunda huku mwanamume mmoja au wawili wakiwasindikiza. Kama ni hivyo, tunaona tambarare la tope la volkano likiwa shamba na njia ya kila siku. Watu wale waliujua mlima ule kwa karibu, na chakula chao kilikuwa miguuni pake.

Kioo cha volkano ni nini, na kilikuwa na umuhimu gani?

Ni jiwe jeusi, linalong'aa, wakati mwingine lenye rangi ya kijani, linalotokea lava fulani inapopoa haraka. Wataalamu huliita obsidiani. Likipigwa vizuri hutoa ukingo mkali kuliko wembe. Bonde la Ufa la Kenya, hasa kuzunguka Naivasha na Mlima Eburru, limejaa jiwe hili.

Huko Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, watu wa miaka zaidi ya 300,000 iliyopita walikuwa wakitumia obsidiani iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Zamani za wafugaji wa kwanza, kama miaka 3,000 iliyopita, wale ambao wanaakiolojia huwaita Waelmenteita walikuwa wakipata jiwe la Eburru hata wakiishi mbali sana na mlima wenyewe.

Umbali huo ndio ninaotaka uukumbuke. Jiwe halitembei peke yake. Lilikwenda kwa kupokezana, kwa kuoana, kwa kutembeleana. Njia iliyoleta jiwe wakati wa amani ndiyo njia ya kukimbilia wakati wa msiba, na mwishoni mwake kuna mtu anayekufahamu. Tutairudia hoja hii kwenye swali la walikokimbilia.

## Toba na mlipuko wake mkubwa

Ni kweli Toba nusura iwaangamize wanadamu wote?

Toba ni volkano ya Sumatra, Indonesia. Ililipuka kama miaka 74,000 iliyopita kwa nguvu ambayo haijarudiwa tangu hapo, na shimo iliyoliacha leo ni ziwa lenye urefu wa kilomita 100. Katika miaka ya 1990 ilienea nadharia kwamba vumbi lake lilizuia jua kwa miaka, dunia ikapoa, na wanadamu wakabaki maelfu machache tu. Ni simulizi lenye mvuto, na bado linasimuliwa kana kwamba limethibitishwa.

Ushahidi wa Afrika umelidhoofisha sana. Chembe za majivu ya Toba zilipatikana kwenye matope ya chini ya Ziwa Nyasa, na uchunguzi wa mwaka 2013 haukuona dalili ya baridi kali juu ya safu hiyo. Mwaka 2018 chembe hizo hizo zilitambuliwa Pinnacle Point, pwani ya Afrika Kusini, karibu kilomita 9,000 kutoka Toba. Watu wa hapo hawakutoweka. Waliendelea kula kombe na chaza wa baharini na kutengeneza zana, na shughuli zao ziliongezeka.

Hii haina maana kwamba hakuna aliyeumia. Waliokuwa Sumatra wakati ule hawakuwa na nafasi. Ila kusema wanadamu wote waliponea chupuchupu ni kuzidisha.

Waliokuwa mbali na bahari walifanyaje?

Jibu zuri limetoka kaskazini-magharibi mwa Ethiopia, kwenye kituo kiitwacho Shinfa-Metema 1, kando ya mto mdogo unaoingiza maji Abbai (Nili ya Bluu). Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Watu waliishi hapo kabla, wakati na baada ya chembe za Toba kuanguka. Maganda ya mayai ya mbuni yanaonyesha kwamba ukame uliongezeka. Na wakati huo huo mifupa ya samaki kwenye majalala yao inaongezeka.

Ukifikiri kidogo utaona maana yake. Mto wa msimu ukikauka hubaki madimbwi, na samaki wote hujikusanya humo, rahisi kukamatwa hata kwa mikono. Dimbwi likiisha, watu wanahamia linalofuata, wakifuata mkondo. Mkulima au mvuvi yeyote wa nyanda kavu za kwetu anaufahamu mtindo huo. Kituo hicho pia kina vichwa vidogo vya mawe vinavyofaa kwa mishale, hivyo huenda upinde ulikuwa tayari mikononi mwao. Watafiti wanaongeza kwamba watu wa namna hii, waliozoea kuhama dimbwi hadi dimbwi, wangeweza kufuata mito hata nje ya Afrika.

## Kukimbia na kurudi

Walijuaje wakati wa kuondoka?

Mlima una dalili zake: ardhi kutetemeka, mvuke, harufu ya kiberiti, chemchemi kubadilika. Aliyekulia hapo huziona mapema kuliko mgeni.

Joya de Cerén, kijiji cha wakulima nchini El Salvador, kilifukiwa katika karne ya 7 na mlima mdogo uliofumuka umbali wa chini ya mita 600. Majivu ya mita kadhaa yalikifunika na kukihifadhi hadi kilipogunduliwa miaka ya 1970. Bakuli za chakula bado zina mabaki na alama za vidole, vyombo havijaoshwa, mikeka ya kulalia bado imekunjwa, kwa hiyo ilikuwa jioni. Shamba la mihogo lilikuwa limetoka kuvunwa, mihogo hiyo hiyo ambayo karne nyingi baadaye ingevuka bahari na kuwa chakula chetu. Lakini ndani ya nyumba hakuna maiti hata moja iliyopatikana. Waliacha kila kitu, hata visu vyao vya thamani vilivyochomekwa kwenye paa, wakaondoka.

Kusini mwa Italia, karibu miaka 4,000 iliyopita, Vesuvius ililipuka kwa ukali kuliko ule mlipuko maarufu uliofukia Pompeii. Kwenye majivu yaliyolowa wameacha nyayo zao maelfu ya watu, na nyingi zinaelekea mbali na mlima. Karibu na Nola vibanda vyao vimekutwa vikiwa na mbuzi wajawazito bado kwenye zizi. Kuacha mbuzi mwenye mimba si jambo dogo kwa mfugaji. Wengi walipona kwa sababu waliweza kuliamua hilo. Si wote: mwanamume na mwanamke waliochelewa wamekutwa chini ya mawe mepesi ya volkano.

Walikimbilia wapi?

Kwa jamaa, kwa wakwe, kwa watu waliobadilishana nao vitu. Hapa ndipo ilipo siri, kama ipo.

Karibu mwaka 850 BK, Mlima Churchill ulioko Alaska ulimwaga majivu juu ya sehemu kubwa ya Yukon. Watafiti wengi wanaamini mlipuko huo, unaoitwa Majivu ya White River, ulizisukuma jamii za Wadene, wenyeji wa asili wa huko, kuondoka. Leo lugha za ukoo mmoja na zao husemwa kaskazini mwa Kanada na pia jangwani kusini-magharibi mwa Marekani, ambako Wanavajo na Waapache wako maelfu ya kilomita kutoka kwa ndugu zao wa lugha. Katika barafu za milima ya Yukon, silaha za kale zinaonyesha kwamba mikuki ya kurusha kwa kijiti iliachwa karibu na wakati huo huo na upinde ukashika nafasi. Kuhama kuliwakutanisha na wengine, na kutoka kwa wengine walijifunza kitu kipya. Kwamba volkano ndiyo sababu pekee bado kunabishaniwa, na mimi nadhani ilikuwa moja kati ya kadhaa.

Walirudi baada ya muda gani?

Inategemea unene wa majivu na hali ya hewa. Sentimita chache hurudi kwenye udongo ndani ya miaka michache na zinaweza hata kuustawisha. Majivu ya kimo cha goti huua mimea yote, na katika nchi baridi au kavu kizazi kizima kinaweza kupita kabla ya shamba kufaa.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Arenal, nchini Kosta Rika. Mwanaakiolojia Payson Sheets na wenzake walikuta vijiji vidogo vilivyopigwa na milipuko mara kwa mara kwa miaka karibu 4,000, na kila mara watu wakarudi. Kwa picha zilizopigwa kutoka angani waliona mistari myembamba ndani ya msitu: njia za miguu, zilizochimbika kwa kukanyagwa karne baada ya karne, zikienda vijijini na makaburini. Majivu yalipofunika njia, watu walirudi kukanyaga pale pale.

Kwa nini pale pale? Kwa sababu wafu wao walikuwa huko. Mtu anayetoka Dar es Salaam siku mbili nzima kwenda kuzika kijijini hahitaji kuelezwa.

Je, kuna jamii ambazo hazikupona?

Zipo. Miaka 7,300 iliyopita volkano ya Kikai, chini ya bahari kusini mwa Japani, ilirusha wingu la moto lililovuka maji na kufika kisiwa cha Kyushu. Kusini mwa Kyushu kulikuwa na jamii za Wajomon, watu wa kale wa Japani, zilizokuwa mbele ya wenzao kwa vyungu na makazi ya kudumu. Utamaduni wao ulikatika. Misitu waliyoitegemea ilikufa, na waliokuja kukaa huko baadaye walileta mitindo mingine ya vyungu kutoka pengine. Hakuna mbinu ya kuhama inayomsaidia mtu wa kisiwani asiye na muda wa kufika kwenye mtumbwi.

Jamii ndogo zilistahimili kuliko kubwa?

Ndivyo Sheets alivyopendekeza, akilinganisha Arenal na jamii kubwa za Amerika ya Kati. Wenye vijiji vidogo, mashamba machache na vyakula vingi vya porini walikuwa na cha kushikilia. Wenye miji, mifereji na watawala walikuwa na mengi ya kupoteza.

Ni hoja nzuri lakini isichukuliwe kama sheria. Ilopango, El Salvador, ililipuka karibu mwaka 431 BK na kufunika mabonde kwa majivu meupe. Uchunguzi wa mwaka 2021 huko San Andrés, kilomita chache kutoka Joya de Cerén, ulionyesha kwamba watu walirudi mapema na kujenga jengo kubwa la ibada kwa matofali yaliyokatwa kutoka kwenye majivu yale yale. Kazi kama hiyo inahitaji mikono mingi na mtu wa kuipanga. Kwa hiyo ukubwa nao unaweza kuwa nguvu, kama watu bado wanaaminiana.

## Chakula, maji na hewa

Walikula nini mashamba yakifukiwa?

Vilivyo chini ya ardhi na vilivyo majini. Mizizi hustahimili majivu membamba. Samaki, kombe na chaza wa baharini husaidia pale ambapo maji hayajachafuka. Wawindaji walifuata wanyama waliohama. Wanaotegemea zao moja wako taabani. Wenye ghala na wenye ujuzi wa chakula cha porini wana miezi ya kupumua. Tazama pia Shinfa-Metema, hapo juu.

Majivu yaliwadhuru mifugo na maji vipi?

Mbali na kukwaruza meno, majivu ya milima fulani hubeba floridi inayoshikamana na nyasi. Kipimo kamili kilionekana Iceland mwaka 1783, pale asilimia kama 80 ya kondoo walipokufa baada ya mlipuko wa Laki. Wafugaji wa kale hawakulijua jina la sumu, lakini kuhamisha kundi mara moja hakuhitaji jina.

Floridi ya miamba ya volkano bado iko nasi. Ndiyo inayoyafanya meno ya watu wengi wa Arusha na Bonde la Ufa kuwa na rangi ya kahawia tangu utotoni, kwa sababu ya maji ya visima na chemchemi.

Mazuku ni nini?

Ni neno la Kiswahili cha Kivu, "upepo mbaya", na leo wanasayansi wa volkano duniani wanalitumia hivyo hivyo bila kulitafsiri. Ni kaboni dioksidi inayofuka ardhini karibu na Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa mabondeni na mashimoni hasa usiku kukiwa hakuna upepo. Mbuzi akiingia humo huanguka. Mtoto anayemfuata huanguka pia, huku mtu mzima aliyesimama wima pembeni anaweza asihisi chochote.

Kuwa na jina la kitu kama hiki ni mbinu ya kuishi. Mama anayemwambia mwanawe "usishuke pale asubuhi, kuna mazuku" amempa ulinzi kamili bila kipimo chochote. Ninaamini jamii zote za kale zilizokaa kwenye milima ya namna hii zilikuwa na maneno yao, ingawa hayakuacha alama kwenye udongo.

## Maswali yanayozua ubishi

Je, kuna walioitumia lava yenyewe?

Wagunditjmara wa kusini-mashariki mwa Australia. Volkano ya Budj Bim ililipuka kama miaka 37,000 iliyopita, na lava yake ikavuruga mito na kuacha vinamasi. Angalau miaka 6,600 iliyopita walianza kuchonga mifereji kwenye miamba hiyo na kujenga kuta za mawe za kuongoza na kunasa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Waliwafuga kwenye mabwawa na kuwakausha kwa moshi. Eneo hilo liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2019, na wenyewe bado wapo.

Hadithi za kale kuhusu milima zinaweza kuwa kumbukumbu za kweli?

Baadhi, ndiyo. Waklamath wa Oregon, Marekani, husimulia vita kati ya Llao, mkuu wa ulimwengu wa chini aliyekaa mlimani, na Skell, mkuu wa ulimwengu wa juu. Mwisho wa vita mlima ulimporomokea Llao. Mlima huo, ambao leo huitwa Mazama, uliporomoka kweli, miaka 7,700 iliyopita, na shimo lake sasa ni ziwa. Kwamba watu walikuwepo hakuna shaka: chini ya majivu hayo, kwenye pango la Fort Rock, mwaka 1938 zilichimbuliwa ndara nyingi zilizosukwa kwa magome ya kichaka, zenye umri wa zaidi ya miaka 9,000.

Ila si kila hadithi. Wachaga husimulia kuhusu vilele viwili vya Kilimanjaro kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, hadi Kibo akachoka na kumpiga, ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka hivyo. Moto wa Mawenzi ulizimika mamia ya maelfu ya miaka kabla ya mzee yeyote wa kusimulia. Aliyeitunga hadithi aliusoma mlima kwa macho, akaona mmoja ni mzima na mwingine umevunjika, akaeleza. Hiyo nayo ni elimu, lakini ya aina nyingine.

Kwa nini Wamaasai huuita Oldoinyo Lengai Mlima wa Mungu?

Ndilo jina lake kwa Kimaa. Watu huenda kusali chini yake, hasa kuomba mvua na watoto. Wengine hudhani heshima hiyo ni woga. Lakini mfugaji anayeutazama mlima kila siku, anayejua ulipofuka na ulipotulia, na anayehamisha ng'ombe majivu yanapoanza kuanguka kama mwaka 2007, ana uhusiano na mlima wenye ujuzi mwingi ndani yake. Ibada na uangalizi hapo haviachani.

Mbinu hizi bado zinafanya kazi leo?

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka na lava ikashuka kuelekea Goma, kama ilivyofanya 1977 na 2002. Watu waliona anga jekundu wakaanza kutembea bila kungoja tangazo: wengine wakavuka kuingia Gisenyi, Rwanda, wengine wakashika barabara ya Sake. Siku chache baadaye, sehemu ya mji ilipoagizwa kuhamishwa, mamia ya maelfu waliondoka, wengine kwa boti hadi Bukavu. Wengi walilala kwa shangazi, kwa rafiki wa shuleni, kwa mtu wa kanisa moja, kwa mteja wa biashara ya samaki. Kisha wakarudi, na wengi wao wakajenga pale pale, juu ya jiwe jeusi lililokuwa bado na uvuguvugu.